Shajara ya mradi: Glock 19 Gen5, kutoka boksini hadi risasi ya 1,000

Bastola ni Glock 19 Gen5 (kizazi cha tano), ya risasi za 9x19 mm, mpya. Mmiliki hajawahi kuwa na bastola. Mafunzo ya usalama na kibali cha kisheria vimekamilika kabla ya shajara kufunguliwa. Sharti la mradi ni moja: hakibadilishwi kitu kwenye bastola mpaka kasoro iwe imeandikwa, imejirudia, na imejulikana kama ni ya chuma au ya mkono. Soko la vipuri vya bastola hii ni kubwa, na wamiliki wapya wengi hununua triga, konekta (kipande cha ndani kinachoamua uzito wa triga) na springi nyepesi kabla boksi la pili la risasi halijaisha. Wakishafanya hivyo, bastola ikikwama hakuna anayeweza kusema kwa hakika ni kwa sababu gani.

Kabla ya risasi ya kwanza

Vipimo vya kuanzia: mtutu 102 mm, umbali kati ya kilengeo cha mbele na cha nyuma 153 mm, uzito karibu gramu 670 ikiwa na magazini tupu na gramu 855 hivi ikiwa na risasi 15. Triga inahitaji nguvu ya kilo 2.5 au zaidi kidogo, na safari yake ni kama 12.5 mm. Namba hizi zimeandikwa kwa sababu kila malalamiko yatakayofuata (teke kali, triga nzito, risasi kwenda kushoto) yanarudi kwenye mojawapo.

Fremu ni ya plastiki ngumu ya jamii ya nailoni, lakini slaidi (sehemu ya juu ya chuma inayokwenda mbele na nyuma) haitembei juu ya plastiki. Kuna reli nne fupi za chuma zilizozamishwa ndani ya fremu, mbili mbele na mbili nyuma, na hizo ndizo zinazobeba slaidi. Mgeni anayeogopa kwamba "plastiki italika" huwa hajazitazama. Gaston Glock alikuwa akitengeneza fimbo za mapazia na visu vya jeshi kabla ya kugusa bastola. Jeshi la Austria liliichagua Glock 17 mwaka 1982, Glock 19 ikafuata mwaka 1988, na kizazi hiki cha tano kikatoka mwaka 2017. Jambo la plastiki lilikwisha kujibiwa zamani.

Kinachomshtua mmiliki mpya ni kingine: hakuna kitufe cha usalama cha kusukuma kwa kidole gumba. Usalama uko wa aina tatu na wote uko ndani ya mtambo. Kuna kiulimi katikati ya triga, kizuizi cha pini ya kupigia, na umbo la sehemu za ndani linalozuia bastola kufyatuka ikianguka. Yote matatu yanafunguka pale triga inapovutwa kwa njia ya kawaida. Kwa hiyo usalama wa kweli ni kidole kulala juu ya fremu, nje ya kikingio cha triga, na mfuko mgumu wa bastola unaofunika triga yote. Mfuko laini wa kitambaa haukubaliki. Wakati wa kurudisha bastola mfukoni, tazama: kamba ya jaketi au pindo la shati likiingia kwenye triga linafanya kazi ileile ya kidole.

Migongo ya mpini: bastola ina mpini wake mwembamba, na boksini kuna migongo ya ziada ya ukubwa wa kati na mkubwa, yenye mkia (ulimi wa juu unaokinga kiganja) na isiyo na mkia, pamoja na pini ndefu. Mgongo wa kati unaongeza karibu 2 mm kati ya kiganja na triga, ule mkubwa karibu 4 mm. Kipimo cha kuchagua: shika mpini juu kabisa, mtutu ukiwa kwenye mstari mmoja na mfupa wa mkono, bastola ikiwa tupu, sehemu nono ya ncha ya kidole ikae katikati ya triga bila kupindua mpini. Kidole kikifika kwenye kiungo cha kwanza, ongeza mgongo. Mmiliki huyu amebaki bila mgongo wa ziada.

Kufungua, kusafisha na kupaka mafuta

Bastola mpya inasafishwa kabla ya kupigwa, isipokuwa ile grisi yenye rangi ya shaba iliyopakwa kiwandani ndani ya slaidi. Hiyo inaachwa mpaka iishe yenyewe.

Hatua ya kwanza ndiyo inayoumiza watu. Ili slaidi itoke, lazima triga ivutwe. Risasi ikisahauliwa kwenye chemba (tundu la nyuma ya mtutu inamokaa risasi), italipuka. Kwa hiyo utaratibu haubadiliki hata siku moja: risasi zote zinatoka kwenye meza na kwenda upande mwingine wa chumba. Magazini inatolewa kwanza, kisha slaidi inavutwa na kufungwa nyuma. Chemba inatazamwa kwa jicho na kuguswa kwa ncha ya kidole kidogo. Mdomo wa magazini unatazamwa pia. Anayevuta slaidi kwanza na kutoa magazini baadaye ameitoa risasi moja na kuingiza nyingine. Ukucha unaovuta ganda huinuka kidogo pembeni mwa slaidi risasi ikiwa ndani, na mkono unaweza kuuhisi gizani, lakini huo ni msaada tu. Haumwondolei mtu wajibu wa kutazama.

Baada ya hapo slaidi inarudishwa mbele, mtutu ukielekea mahali salama, na triga inavutwa. Slaidi inavutwa nyuma kama 3 mm hivi, huku vidole vikivuta chini vichomozo vya kufuli la slaidi pande zote mbili kwa pamoja, halafu slaidi inasukumwa mbele mpaka itoke. Kosa la kawaida ni kuvuta slaidi mbali mno: triga inakoki tena (inajiweka tayari kufyatua), inaruka mbele, na slaidi haitoki. Rudia tangu kukagua chemba. Usiishie kuvuta triga tu kwa kuwa "nimeshaangalia".

Springi ya kurudishia inatoka kwa kusukumwa mbele kidogo na kuinuliwa, kisha mtutu. Hapo ndipo mwisho. Hakuna kinachofunguliwa zaidi. Mtutu unasuguliwa kuanzia upande wa chemba kuelekea mdomoni.

Mafuta ni kidogo kuliko mtu anavyodhani. Tone moja linapaswa kwenda nyuma kulia ndani ya fremu, pale ambapo ncha ya baa ya triga inagusana na konekta. Pakikauka hapo triga inakuwa ya kukwaruza, na watu hununua triga mpya kwa kasoro ya tone moja. Kisha tone linasambazwa kwenye kila mfereji wa reli za slaidi, na kitambaa chenye mafuta kinapitishwa juu ya mtutu, kwenye kifuniko cha chemba, na ndani ya slaidi kwa mbele ambako mtutu unasugua. Njia ya pini ya kupigia haipewi mafuta hata chembe, wala ndani ya magazini. Mafuta kwenye njia ya pini yanakusanya masizi na vumbi la shaba mpaka yawe tope. Pini inapunguza mwendo, fataki (kiwashio kilicho kitakoni mwa risasi) inagongwa kidogo, na risasi haiwaki. Basi lawama inaiangukia risasi.

Wakati wa kuunganisha, hakikisha mwisho wa springi ya kurudishia umekaa ndani ya pango la nusu duara lililo chini ya mtutu. Ukikaa juu ya ukingo, slaidi inaingia kwa kukwaruza au inasimama njiani. Usilazimishe kwa kiganja.

Ukaguzi wa kumalizia, bastola ikiwa tupu: sukuma triga kutoka pembeni bila kugusa kiulimi, isiende nyuma. Koki, vuta triga, usikie mlio, ishikilie nyuma. Koki tena huku umeshikilia, kisha ulegeze polepole mpaka usikie na kuhisi mlio wa kurudi. Vuta tena, lazima ifyatue. Mwisho weka magazini tupu na vuta slaidi: lazima ifungwe nyuma.

Boksi la kwanza na la pili (risasi 1–100)

Risasi zilizotumika ni za kichwa kilichofunikwa shaba, greni 115 na greni 124 (greni ni kipimo cha uzito wa kichwa cha risasi), za kiwandani. Risasi zenye kichwa cha madini ya risasi kisichofunikwa hazitumiki: mwongozo wa mtengenezaji unazikataza, na madini laini hujikusanya kwenye mtutu mpaka shinikizo linapanda. Miwani na vikinga masikio kila mara, na mikono inanawiwa kabla ya kula, kwa sababu masizi ya fataki yana madini ya risasi ndani yake.

Magazini mpya ni ngumu. Risasi ya 14 na ya 15 zinaingia kwa kifaa cha kujazia, si kwa kidole. Magazini zimeandikwa namba 1, 2 na 3 kwa rangi kwenye kitako. Kazi ndogo, lakini bila namba huwezi kujua kama kukwama kunaifuata magazini fulani. Magazini iliyojaa kabisa ikiingizwa slaidi ikiwa mbele hukataa kushika. Ipigwe kwa kiganja kisha ivutwe chini kujaribu. Ikitoka, haikuwa imeingia.

Matokeo ya mita 7: kundi la matundu chini na kushoto mwa shabaha. Mkono wa mmiliki ni wa kulia. Hakuna kilengeo kilichoguswa.

Ganda moja lilisimama wima kwenye dirisha la slaidi (tundu la kutolea maganda) kama bomba la moshi, likarudia hivyo kwenye boksi la pili. Magazini zilikuwa tofauti, kwa hiyo magazini si mkosaji. Yote mawili yalitokea mwishoni mwa mfululizo, mkono ukiwa umechoka. Sababu inajulikana: slaidi inahitaji fremu isimame ili yenyewe irudi nyuma safari nzima. Fremu ya plastiki ni nyepesi. Kiganja kikilegea, fremu inakimbia pamoja na slaidi, mwendo unapungua, na ganda halitemwi kwa nguvu. Bastola nzito ya chuma husamehe hapo kuliko hii. Kuondoa kizuizi: kidole nje ya triga, mtutu kwenye shabaha, gonga kitako cha magazini, vuta slaidi nyuma kwa nguvu na uiachie. Usiisindikize mbele kwa mkono, maana springi ndiyo inayoingiza risasi.

Risasi moja haikuwaka. Mtutu uliachwa kwenye shabaha sekunde 30 kabla ya kuitoa, maana fataki inaweza kuchelewa. Alama kwenye fataki ilikuwa ya kina cha kawaida, kwa hiyo bastola ilifanya kazi yake.

Ukisikia mlio hafifu wa "puf" na teke likakosekana, hakuna kuvuta slaidi na kuendelea. Simama, toa magazini, fungua bastola, tazama mtutu kutoka nyuma. Kichwa cha risasi kikiwa kimebaki ndani, risasi inayofuata inaweza kupasua mtutu. Hili halikutokea hapa. Limeandikwa kwa sababu mkono uliozoea kugonga na kuvuta hufanya hivyo bila kufikiri.

Chini kushoto (risasi 100–400)

Sehemu hii imechukua risasi nyingi kuliko zote, na ndipo wengi wanapofungua pochi.

Hatua ya kutenganisha: mpigaji mzoefu anapiga risasi 10 kwa bastola ileile, risasi zilezile, mikono ikiwa juu ya mfuko wa mchanga. Kundi likakaa katikati. Vilengeo ni sawa. Kilichobaki ni mkono wa mmiliki.

Jaribio la pili ni risasi bandia. Mtu mwingine anajaza magazini na kuchanganya risasi bandia mbili au tatu bila mpangilio unaojulikana. Mpigaji akikuta bandia, mdomo wa bastola unaonekana wazi ukichota chini kabla hata ya mlio kutarajiwa. Hapo hakuna ubishi. Mwili unajiandaa kupokea teke, kifundo cha mkono kinasukuma mbele, na vidole vitatu vya chini vinakaza pamoja na kile cha triga. Kukaza huko ndiko kunakopeleka risasi chini kushoto.

Dawa iliyofanya kazi ni mazoezi ya kufyatua bila risasi: chumba kisicho na risasi hata moja, ukuta unaoweza kuzuia risasi, na risasi bandia ndani ya chemba. Glock inavumilia kufyatuliwa kavu, lakini kwa mazoezi ya wingi risasi bandia inapunguza kugonga kwa pini kwenye uso wa slaidi. Senti iliyolazwa juu ya slaidi, nyuma ya kilengeo cha mbele, isianguke triga inapokatika. Nguvu ya kushika inahamishiwa mkono wa kushoto, ambao unakaza zaidi. Wa kulia unabaki huru kusogeza kidole. Triga hii ina hatua mbili: safari laini, kisha ukuta. Mwanafunzi hufika ukutani akakurupuka. Aendelee kubonyeza kwa mwendo uleule, na mlio umshtue.

Kosa la kushangaza kidogo: kwenye Gen5 kishikio cha slaidi, kile kinachoifunga nyuma, kipo pande zote mbili. Slaidi ilikuwa haifungiki nyuma risasi zikiisha, mara nyingi, kwa magazini zote tatu. Ikiwa kasoro inatokea kwa magazini zote, tazama vidole gumba. Vilikuwa vimekaa juu ya kishikio, kimoja kila upande. Vikainuliwa, kasoro ikaisha. Anayetoka kwenye bastola ya zamani yenye kishikio upande mmoja hulikuta jambo hili akiwa hajui litokako.

Tangu mshiko urekebishwe, ganda halijasimama tena dirishani.

Vilengeo (risasi 400–600)

Hiki ndicho kitu pekee kilichobadilishwa. Vilengeo vya plastiki vya kiwandani vinatosha kwa uwanja, lakini ukingo wake hulika bastola ikiingia na kutoka mfukoni. Vimewekwa vya chuma.

Cha mbele kinashikwa na skrubu moja kutoka ndani ya slaidi. Soketi yake ni nyembamba ya pembe sita, inchi 3/16, na ukuta wake lazima uwe mwembamba. Ya kawaida haiingii. Tone moja la gundi ya bluu ya skrubu, kisha kaza kwa vidole viwili na uongeze robo tu. Ukikaza kama nati ya gurudumu, shingo ya kilengeo inakatika. Cha nyuma kinaingia kwenye mfereji wake kwa mashine ya kusukuma yenye skrubu. Nyundo na kipande cha shaba vinaweza, lakini slaidi lazima ishikwe imara, na kila pigo linaweza kukipitisha mahali.

Hesabu: kiasi cha kusogeza kilengeo ni kosa kwenye shabaha mara 153, gawanya kwa umbali, vyote kwa milimita. Kundi la kwanza kwa mita 15, mikono juu ya mfuko wa mchanga, lilikuwa sm 3 kushoto. 30 mara 153, gawanya kwa 15,000: 0.3 mm. Kilengeo cha nyuma kinasogezwa upande unaotaka risasi ziende, yaani kulia. Milimita 0.3 haionekani vizuri kwa jicho, kwa hiyo mstari wa penseli unachorwa kwenye kilengeo na kwenye slaidi kabla ya kusukuma, na kupimwa kwa kalipa. Kwa urefu, kilengeo cha nyuma kirefu kinapandisha risasi. Vya kiwandani hupatikana kwa kimo cha 6.1, 6.5, 6.9 na 7.3 mm, kila hatua ya 0.4 mm ni kama sm 6.5 kwa mita 25. Kwa mita 7 ni chini ya sm 2, ndogo kuliko kutetemeka kwa mkono wa mwanafunzi, kwa hiyo kubadili kimo kwa kundi la mita 7 ni kujidanganya.

Hadi risasi 1,000

Risasi ya juu kwenye magazini ilikuwa ikiingizwa chemba, kutolewa na kurudishwa palepale mara kwa mara. Ikilinganishwa na mpya, kichwa chake kimezama ndani ya ganda na inaonekana fupi. Ganda likipungua nafasi, shinikizo linapanda. Urefu wa juu kabisa wa 9x19 ni 29.69 mm, na risasi nyingi huwa fupi kuliko hapo kwa kawaida, kwa hiyo zilinganishe na nyingine za boksi lilelile. Iliyozama haipigwi, inawekwa kando ili kuharibiwa kwa utaratibu. Iliyoingizwa chemba mara mbili inatumika kwenye mazoezi yanayofuata.

Alama za kuchakaa: mtutu umeng'aa kwenye kifuniko cha chemba na mdomoni upande wa chini, reli za fremu zina mstari mwembamba. Hiyo ni kawaida. Kisicho kawaida, na kinachotazamwa kila baada ya kusafisha, ni ufa kwenye reli, ukingo wa ukucha uliovunjika, au fataki zenye alama nyepesi.

Springi ya kurudishia inajaribiwa hivi: bastola tupu, mtutu ukielekea juu kwa nyuzi 45 mahali salama, triga imeshikiliwa nyuma, slaidi inavutwa nyuma na kurudishwa polepole kwa mkono. Lazima ifunge yenyewe hadi mwisho. Imefunga. Springi ya akiba imenunuliwa na itawekwa ikifika risasi 5,000 au ikishindwa jaribio hili, lolote litakalotangulia.

Triga, konekta na springi za ndani ni zilezile za kiwandani. Magazini namba 2 imeangushwa sakafuni mara nyingi na midomo yake itapimwa kwa kalipa dhidi ya namba 1 na 3. Ikizidi upana wao, inabaki ya mazoezi tu na inapigwa rangi nyekundu kitakoni.